Maiti Haulizwi Sanda: Tanzia za Wanamuziki na Wanamichezo Wetu

Makala haya yanakusudia kuitazama tanzia kama utungo, yaani kama kazi ya lugha yenye fani na maudhui yake, na siyo kama habari tu inayotufikia alfajiri kwa redio. Wahakiki wa Kiswahili wameandika mengi juu ya riwaya, tamthilia na ushairi, uwe wa arudhi au usiofuata arudhi. Lakini utungo ambao msemaji wa Kiswahili huusikia mara nyingi kuliko riwaya yoyote, nao ni maneno yasemwayo na kuandikwa mtu anapokufa, umeachwa nje ya mlango wa darasa. Yumkini sababu ni haya: si adabu kukihakiki kilio. Sisi tunaona kwamba adabu hiyo imetugharimu. Tutaeleza gharama yake kwa kuwatazama baadhi ya Wakongo maarufu waliokwisha kututoka: wanamuziki Mwenda Jean Bosco, Remmy Ongala na King Kiki, na wachezaji mpira Mwepu Ilunga na Ndaye Mulamba.

Tuanze na maneno yenyewe, kwani mwanaisimu hana pengine pa kuanzia. Tanzia na taazia ni ndugu wa tumbo moja. Asili yao ni neno la Kiarabu lenye maana ya kumliwaza mfiwa na kumtia subira. Katika Kiswahili ndugu hao wameachana: taazia imebaki karibu na pole na rambirambi, ilhali tanzia imekuwa habari yenyewe ya kifo. Kwa hiyo neno lililokuwa la kumhudumia aliye hai limehamia upande wa kumtangaza aliyekufa. Neno wasifu nalo lina jambo la kutufunza. Shina lake katika Kiarabu ni lile lile lililotupa sifa. Kueleza mtu alivyokuwa na kumsifu ni matawi ya mti mmoja, na msomaji atakubali kwamba katika matumizi yetu ya kila siku tawi la pili limelifunika la kwanza.

Aidha kuna vyeo vya wafu. Marehemu, yaani aliyerehemewa, ni dua iliyogeuka kuwa cheo, na hupewa kila mtu. Hayati, ambalo kwa Kiarabu ni uhai, limekuja kuwa la wakubwa: Watanzania husema hayati Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999, na ni nadra kumsikia mtu akisema hayati kwa mvuvi wa Kigoma. Hivyo tumefaulu kuweka madaraja hata kaburini. Halafu, baada ya kifo cha Rais Magufuli mwezi Machi 2021, neno mwendazake lilizagaa Tanzania, na mara nyingi katika vinywa vya wale waliotaka kumtaja bila kumheshimu. Neno ambalo kwa sura yake ni la huzuni tupu likawa na makali ya wembe. Kamusi zetu zitachukua muda kulifikia jambo hilo, lakini wasemaji hawakungoja kamusi.

Tangazo la redio na tanzia ya gazeti

Hapa Luberizi, katika uwanda wa Ruzizi, mtu akifa hatusemi kuna msiba. Tunasema kuna kilio. Kilio hicho hakina lugha moja. Wanawake humlilia maiti kwa Kifuliiru au kwa Kirundi, kwa sababu hizo ndizo lugha walizomzaa nazo au walizoolewa nazo. Mhubiri husema Kiswahili, maana waliokuja wametoka Uvira, Sange, Luvungi, Kamanyola na ng'ambo ya mto. Kisha, ikiwa marehemu alisoma au alikuwa na kazi ya serikali, husimama kijana mwenye koti na karatasi, akasoma maisha yake kwa Kifaransa. Nilihudhuria kilio kimoja cha namna hiyo, cha mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha nusu ya uwanda huu kusoma. Karatasi ilikuwa ndefu, ya heshima, yenye tarehe zote za vyeti vyake. Iliposomwa hadi mwisho, mama yake mzazi alimgeukia jirani yake akauliza: "Wamesema nini juu ya mtoto wangu?" Jirani alijibu kwamba wamemsifu. Jibu lilikuwa sahihi, na lilitosha kuwa muhtasari.

Lakini Kiswahili kina tanzia yake ya kienyeji, nayo ni tangazo la redio. Jamaa huandika karatasi, huipeleka kwenye kituo, hulipa kwa kadiri ya mara litakavyosomwa, na mtangazaji husoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Muundo wake unajulikana kwa kila mtu. Kwanza hutajwa anayetangaza. Halafu hutajwa aliyekufa, siyo kwa kazi yake bali kwa udugu wake: mke wa fulani, baba wa fulani, mkwe wa fulani. Halafu mahali na saa ya kifo. Kisha hufuata sehemu ambayo sisi tunaiona kuwa ndiyo kilele cha utungo mzima, ile ya habari ziwafikie: majina na mahali, majina na mahali, ndugu aliye Baraka, shangazi aliye Bujumbura, mtoto aliye Kalemie, mwingine aliye kambini Nyarugusu. Anayesikiliza huona ramani ya ukoo ikichorwa hewani, na katikati ya ramani hiyo pana nafasi tupu, ambayo ndiyo marehemu. Hasifiwi hata kwa neno moja. Ukubwa wake hupimwa kwa wingi wa mahali ambapo kifo chake lazima kifike.

Tanzia ya mtu maarufu, ile ya magazeti na ya vipindi maalumu, imejengwa kinyume kabisa. Jamaa hutajwa mwishoni, kwa idadi: ameacha mjane na watoto kadhaa. Kinachotangulia ni cheo cha sifa: gwiji, nguli, mkongwe, nyota iliyozimika. Katikati ni orodha ya kazi. Mwishoni ni pengo lisilozibika. Hilo pengo limetuchosha. Lau kila pengo lililotangazwa kuwa haliwezi kuzibika lingekuwa kweli halikuzibika, muziki wetu wa leo ungekuwa ungo na siyo ngoma. Tatizo la semi hizi siyo uzee wao, kwani tangazo la redio nalo ni la kale na halichoshi. Tatizo ni kwamba zinamfaa yeyote. Ondoa jina, weka jina jingine, na tanzia itasimama vile vile. Tangazo la redio haliwezi kutendewa hivyo, kwa kuwa hakuna watu wawili wenye shangazi Bujumbura na mtoto Kalemie kwa mpango ule ule.

Kuna jambo dogo la sarufi ambalo wanafunzi wetu hupenda kulijadili. Mtu akifa leo tunasema amekufa, amefariki, ametutoka. Ni lini -me- huwa -li-? Sarufi za shule hutuambia kwamba -me- huonyesha tendo lililotimia ambalo hali yake ingalipo, na -li- huonyesha wakati uliopita. Lakini hali ya kufa ingalipo daima! Kwa kanuni hiyo hakuna ambaye angewahi kusemwa kwamba alikufa. Kwa kusikiliza watu wa uwanda huu tunaona kwamba mpaka siyo wa siku bali wa shughuli: -me- hudumu mpaka kilio kitakapoondolewa, watu wakaoga, wakagawana vitu, wakarudi mashambani. Baada ya hapo alikufa. Mtu maarufu hana siku hiyo ya kuondoa kilio. Redio humwacha katika -me- kwa juma moja, ikipiga nyimbo zake mfululizo, kisha siku moja, bila shughuli yoyote, anaachwa.

Remmy na maradhi ya muda mrefu

Ramazani Mtoro Ongala, aliyezaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, kisha akaja kuwa uso na sauti ya Super Matimila. Alipenda kusimulia kwamba mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, na mganga akaagiza kwamba huyu atakayekuja azaliwe msituni na asinyolewe nywele. Kwa hiyo alijiona tangu mwanzo kuwa mtu aliyeponyoka kifo, na pengine ndiyo maana alikiimba sana. Wimbo wake uitwao Kifo ni mojawapo ya nyimbo zilizomfanya ajulikane hata na wale wasiocheza dansi. Rochereau, yaani Tabu Ley, alikuwa amekwisha kupita njia hiyo kwa Kilingala katika wimbo wake Mokolo Nakokufa, ambamo watu wa hali mbalimbali wanaiwazia siku ya kufa kwao, kila mmoja kwa hali yake. Mwanamuziki wa Kikongo, tungeweza kusema, ameandika tanzia bora kabla ya kifo kuliko tunazomwandikia sisi baada ya kifo.

Remmy alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Alizikwa kwa heshima kubwa, na aliitwa kila jina la sifa. Hatuna ugomvi na sifa hizo, kwani alistahili. Ugomvi wetu ni juu ya wimbo mmoja. Katika siku ambazo ukimwi ulikuwa ukiwamaliza watu Tanzania kama ulivyowamaliza kwetu, Remmy aliimba Mambo kwa Soksi, akiwahimiza watu wavae kinga. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Wimbo ulienea kwa kanda na katika kumbi. Hebu sasa tuukumbuke wakati huo kwa upande wa lugha ya vifo. Katika matangazo na tanzia za miaka ya 1980 na ya 1990, upande huu wa ziwa na ule, lilizoeleka fungu la maneno: baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kila mtu alijua maana yake na hakuna aliyeisema. Vijana wa miaka 28 walikuwa wameugua kwa muda mrefu. Lilikuwa fungu la huruma, halikuwa la uongo, na lilimlinda mjane. Lakini huruma ile ile ilimzuia mtu wa pili, na wa tatu, asijue alichopaswa kujua.

Remmy alikuwa analivunja fungu hilo. Alichosema katika wimbo wake ndicho kilichofichwa katika tanzia za wakati wake. Kwa hiyo tanzia inayomwita gwiji na kumtaja Mambo kwa Soksi kama wimbo uliopendwa tu, bila kutaja kwamba ulinyimwa redio, inamrudisha katika lugha ile aliyopigana nayo. Anasifiwa na mdomo ule ule uliomnyamazisha, na hakuna anayeulizwa. Methali yetu inasema maiti haulizwi sanda. Naam, lakini mshonaji anaweza kuulizwa kitambaa amekitoa wapi.

Tukumbuke pia kwamba katika miaka yake ya mwisho aliuacha muziki wa dansi akaimba nyimbo za Injili. Baadhi ya waliomwomboleza walifurahia badiliko hilo kama kwamba ndilo lililomhalalishia wasifu mzuri, wengine wakalipita kimya kama aibu ya uzeeni. Mhakiki hana sababu ya kufanya lolote kati ya hayo mawili. Mtu aliyeimba Kifo akiwa kijana na akageukia Injili akiwa mgonjwa ana mfululizo wa mawazo unaostahili kusomwa, na ni mfululizo wa Kiswahili, maana nyimbo zote hizo ni za Kiswahili.

Kuna ukumbusho mmoja wa Remmy ambao hakuna kamati iliyoupanga. Katika kitongoji cha Sinza, Dar es Salaam, kipo kituo cha daladala kiitwacho Sinza kwa Remmy. Kondakta hulitamka jina hilo mara mia kwa siku. Hatangulizi marehemu wala hayati, na abiria hushuka.

Dakika moja ya kimya

Tuingie upande wa michezo, ambako kosa la tanzia limewahi kufika mbali kuliko mahali pengine popote tunapopajua.

Mwezi Machi 1974, nchini Misri, Zaire ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Ndaye Mulamba, mchezaji wa Vita Club, alifunga mabao 9 katika mashindano hayo. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha 2 kwa 2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2 kwa 0, na mabao yote manne ya Zaire yalikuwa yake. Walimwita Mutumbula, jina ambalo huko Katanga ni la yule mtu wa kutisha ashikaye watu usiku. Rais Mobutu aliwapokea mashujaa kwa zawadi na ahadi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1994, Ndaye alialikwa Tunis kuheshimiwa. Aliporudi nyumbani walimvamia watu wenye silaha, wakimdhania kuwa na mali, na wakampiga risasi mguuni. Hatimaye alikimbilia Afrika ya Kusini, akaishi kwa vibarua, pamoja na kulinda magari ya watu.

Mwaka 1998 zilienea habari kwamba Ndaye Mulamba amekufa katika mgodi wa almasi nchini Angola. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Burkina Faso mwaka huo, wachezaji walisimama na uwanja ukanyamaza kwa dakika moja kwa heshima yake. Wakati huo Ndaye alikuwa hai. Aliishi miaka mingine 21, akafariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Sisi tunakitazama kama ushahidi juu ya utungo wenyewe. Dakika ya kimya ni tanzia isiyo na maneno, yaani tanzia iliyofikia upeo wake: hakuna tena hata la kukosea. Kwa nini iliwezekana? Iliwezekana kwa sababu tanzia ya mtu maarufu haina ile sehemu ya habari ziwafikie. Lau habari ile ingepita katika njia ya tangazo la kijijini, ingelazimika kumtaja anayetangaza: ni nani, ana udugu gani, maiti iko wapi, itazikwa lini. Yangekuwa maswali manne tu, na la kwanza tu lingetosha kuubomoa uongo. Lakini mtu maarufu hutangazwa na hewa. Hakuna aliyemwuliza mke wake wala mwanawe. Heshima yote ilielekezwa kwa yule wa mwaka 1974, na yule wa mwaka 1998, mwenye njaa, hakuhusika.

Wengine watasema kosa ni la waandishi wa habari, na halihusu fasihi. Hatukubali. Kila utungo una masharti yake, na masharti hayo ndiyo yanayoruhusu au kuzuia aina fulani ya uongo. Utenzi unaruhusu kutia chumvi vita. Tangazo la redio haliruhusu kutia chumvi idadi ya mashangazi, maana mashangazi wanasikiliza.

Mwepu Ilunga ni kinyume cha Ndaye, ingawa maisha yao yamefungamana. Beki huyu wa Mazembe ya Lubumbashi alikuwa katika kikosi kile kile cha mwaka 1974, mabingwa wa Afrika waliokwenda Ujerumani kwenye Kombe la Dunia. Walipofungwa na Yugoslavia 9 kwa 0, mwamuzi alimtoa Ndaye uwanjani kwa kosa la kumpiga teke. Baadaye Mwepu alikiri kwamba mwenye teke alikuwa yeye. Siku chache baadaye, tarehe 22 Juni, katika mchezo na Brazil, Wabrazil walikuwa wakijiandaa kupiga mpira wa adhabu. Mwepu alichomoka kwenye ukuta akaupiga mpira mbali kabla yao. Picha hiyo imeonyeshwa ulimwenguni kwa miaka zaidi ya 40 kama mfano wa Mwafrika asiyejua sheria za mpira. Mwenyewe alieleza kwamba alizijua vema. Kwamba wachezaji hawakuwa wamelipwa fedha zao, na alifanya makusudi.

Alipofariki mwezi Mei 2015, tanzia zake katika magazeti ya Ulaya zilifunguliwa kwa teke hilo. Nyingine zilitoa maelezo yake pia, na tunazishukuru. Lakini tazama mpango wa maneno: teke kwanza, ubingwa wa Afrika baadaye, na Lubumbashi, mahali alipocheza wiki baada ya wiki mbele ya watu waliomjua, karibu haipo. Hapa hatuwezi kulaumu sifa, maana hazikuwepo. Tunalaumu kwamba mlango ulichaguliwa na watu waliokuwa wakicheka. Je, sisi tuliandika nini kwa Kiswahili, lugha ya Lubumbashi, ili kuufungua mlango mwingine? Tulitafsiri. Vipindi vingi tulivyosikia vilianza na teke lile lile.

Lugha ya marehemu na lugha ya wasifu

Jambo la kutafsiri linatupeleka kwa Mwenda Jean Bosco. Mtoto huyu wa Bunkeya, wa ukoo wa watawala wa Bayeke, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, na kipande chake cha gita kiitwacho Masanga kilizunguka dunia. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990. Aliimba Kiswahili cha Katanga, Kiswahili cha migodini na cha reli, chenye mizaha yake. Uchunguzi makini wa gita lake uliandikwa na David Rycroft kwa Kiingereza katika miaka ya 1961 na 1962, mwenyewe akiwa hai na mwenye nguvu, na Wazungu wengine wamefuata. Kazi ya Rycroft ni nzuri; anayetaka kujua vidole vya Bosco vilifanya nini ataipata humo. Lakini maneno yake, yaani Kiswahili chake, hayajapata mtu wa kuyashughulikia kwa kiasi kile kile, na hatuwezi kumlaumu Rycroft kwa hilo. Ni kazi yetu. Baadhi ya walimu wenzetu hukionea aibu Kiswahili hicho kwa kuwa hakifuati usanifu. Hapo ndipo tunapomzika Bosco mara ya pili, na safari hii bila ajali.

Lakini Kiswahili si kwamba hakina kielelezo. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Siti alikuwa binti wa Fumba, muuza vyungu aliyekwenda mjini Zanzibar akawa mwimbaji wa taarabu, akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani mwaka 1928, akafariki Julai 1950. Mwandishi alimfuata mwenyewe, akamkuta karibu na mwisho wa maisha yake, akamsikiliza. Tofauti kati ya kitabu hicho na tanzia nyingi tunazozisoma ni hiyo hiyo tu: kulikuwa na safari na kulikuwa na swali. Hata matusi aliyotukanwa Siti kwa ajili ya sura yake na nasaba yake hayakufichwa. Tunakiri kwamba Shaaban Robert hushindwa kujizuia. Kila baada ya kurasa chache huacha kumsimulia Siti akaanza kutufundisha adabu, na mara mbili tatu bibi yetu hupotea chini ya mawaidha. Lakini hurudi. Msomaji akifunga kitabu anajua mwanamke huyu aliuza nini kabla ya kuuza sauti yake.

Alipofariki King Kiki mjini Dar es Salaam, Novemba 2024, tulisikiliza tanzia zake tukiwa na kielelezo hicho akilini. Mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1947, aliishi sehemu kubwa ya maisha yake Tanzania kama Remmy na kama Ndala Kasheba aliyemtangulia mwaka 2004. Wote walimkumbuka kwa Kitambaa Cheupe, ule wimbo unaowafanya watu watoe leso na kuzipunga. Ni haki yake. Tulichokikosa ni njia: kijana wa Lubumbashi hufikaje Dar es Salaam na gita, kwa barabara gani, kwa karatasi gani, na Kiswahili chake cha Katanga kilifanywa nini na Kiswahili cha pwani mpaka kikawa kile tulichokisikia katika nyimbo zake? Aliishi hadi umri wa miaka 77. Muda wa kumwuliza ulikuwepo.

Usiku wa Ghana na Uruguay

Hatuwezi kuandika juu ya tanzia tukiwa Luberizi bila kuitaja Sange, jirani yetu katika barabara ya Uvira. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010, Ghana ilikuwa ikicheza na Uruguay katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Lori la mafuta lilipinduka katikati ya Sange. Wengine walikwenda kuchota mafuta yaliyomwagika, wengine walikuwa ndani wakitazama mpira. Moto ulipolipuka waliteketea watu zaidi ya 230. Wengi wao hawakutambulika, wakazikwa katika makaburi ya pamoja.

Mpenzi wa mpira popote ulimwenguni akiutaja usiku huo atakumbuka mkono wa Suárez na penalti iliyogonga mwamba. Hatumlaumu. Lakini hapa lugha ya vifo ilifika mahali ambapo aina zote mbili tulizozieleza zilishindwa. Tanzia ya mtu maarufu haikuwa na jina la kushika. Ikabaki na idadi. Tangazo la redio, ambalo tumelisifu sana, nalo lilikwama, kwa sababu linahitaji anayetangaza na anayetangazwa, na katika nyumba nyingine wote wawili walikuwa wamekwenda pamoja. Habari ziwafikie nani, kutoka kwa nani?

Tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya kuleta tangazo moja la kifo kutoka nyumbani kwao, karatasi yenyewe au lililonakiliwa kwa kumbukumbu ya mzee, ili tuuchunguze muundo wake darasani. Msichana mmoja wa Sange alileta ukurasa wa daftari wenye majina 11 yaliyoandikwa na bibi yake, bila sentensi hata moja, kila jina likifuatwa na mahali mtu huyo alipokuwa ameketi jioni ile: mlangoni kwa fundi, kwenye benchi la video, nyuma ya kanisa. Alituuliza kama hilo ni tangazo au siyo. Darasa liligawanyika. Sisi tulilihesabu.

Mpaka sasa tumekusanya matangazo 63, mengi ya Uvira na ya uwanda, machache ya Fizi. Vituo vya redio huchana karatasi zake kila mwisho wa mwezi kwa kukosa nafasi. Wenzetu wa Bukavu, wa Kalemie na wa Kigoma walio karibu na kituo chochote watatusaidia wakiomba karatasi hizo kabla hazijachanwa, na wakiandika nyuma ya kila moja tarehe liliposomwa na mara ngapi.